Nondo za Kuazima

Kama wiki iliyopita ulilikosa gazeti kwa sababu mwenye duka alilifungia samaki, usihangaike, hujapitwa na mengi. Mgeni bado yuko barabarani.

Amekaa palepale tulipomwacha, Bi Ansoifa wa Marodoka, juu ya tita la mikeka ya zawadi aliyokuja nayo kwa meli kutoka Nosy Be. Yuko katikati ya kichochoro cha Mahabibo, hapa Mahajanga, jua la saa tatu likimpiga utosini. Mbele yake iko nyumba mpya ya harusi, paa lake tambarare la zege, ngazi ya kupandia iko nje ubavuni, na chokaa yake nyeupe hata inaumiza macho. Mlango uko wazi. Wali unanukia. Naye amekataa kuvuka kizingiti.

Aliuliza swali moja tu kabla hajakaa: nyumba hii kajenga nani. Akajibiwa, Fundi Daoudou. Hapo ndipo alipokaa.

Bi Koulsoum akatoka kumwona. Huyu ni mama mkubwa wa bibi harusi, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, ambaye ulimi wake mtaani ulijulikana kuwa ni silaha isiyo na kibali. Hakujaliwa kuzaa. Hasnati, binti wa mdogo wake Rabiata, ndiye aliyemlea kwa mkono wake, akamnyoa nywele za utotoni, na sasa amemweka ndani, mwari, asionwe na mwanamume hata kivuli chake mpaka siku atakapoletewa mume.

Maana kwa Wangazija wa mji huu mke haendi kwa mume. Mume ndiye anayeletwa kwa mke, kwa ngoma na ubani, na nyumba ni ya mwanamke hadi kufa kwake. Nyumba isiposimama, harusi haipo.

"Mwenzangu," akasema Bi Koulsoum, "watu wa bwana harusi wanakuja alasiri kucheza ngoma. Wakikukuta umekaa hapa kama mzigo uliokataliwa forodhani, watauliza kuna nini."

"Na waulize," akajibu Bi Ansoifa. "Mimi sikuuliza. Kaa."

Bi Koulsoum, ambaye hajawahi kukaa barabarani tangu aache kunyonya, akakaa.

Aliyosimuliwa hapo ni haya. Mwaka juzi, kule Marodoka, Fundi Daoudou alijenga nyumba tatu kwa mpigo mmoja, ya Bi Ansoifa ikiwa ya pili. Asubuhi ya siku ya mkaguzi, mkokoteni ulileta nondo, zikapangwa ndani ya mbao vizuri kama samaki kikaangoni. Adhuhuri mkaguzi akaja, akahesabu, akaridhika, akaandika. Alasiri mkokoteni ukarudi. Nondo zikatolewa zote zikapelekwa kwa jirani, na ndani ya mbao pakashindiliwa mianzi, ukamiminwa mchanga wa pwani ambao haukuoshwa, ulioonyeshwa saruji kwa mbali.

"Ilikuwamo moja imepinda kichwa kama ndoana," akasema. "Nikaiona kwangu, nikaiona kwa jirani, nikaiona kwa jirani wa jirani. Nikacheka. Nilidhani mafundi nao wanaazimana, kama sisi tunavyoazimana masufuria ya shughuli."

Akaushika mkono wake wa kushoto, uliopona vibaya na vidole vimejikunja. Mvua zilipokuja, nyumba ilimlalia binti yake Faouzia, aliyekuwa amejipumzisha mchana na mtoto wake mchanga. Wafiwa walipokwenda kushtaki walionyeshwa karatasi. Nondo ishirini na nne, zimeonwa kwa macho. Karatasi ilisema nyumba ile haiwezi kuanguka. Basi ikaandikwa kuwa ni mvua, na fundi alikuwa keshapanda meli.

"Sasa niambie, mwenzangu. Mkaguzi wa huku aliziona nondo?"

Bi Koulsoum akanyamaza. Na Bi Koulsoum akinyamaza, majirani huanza kutafuta sanda.

Mkaguzi wa huku hakuona kitu. Mkaguzi wa huku alikuja mara tatu, na mara zote tatu alifukuzwa mlangoni, na aliyemfukuza ni Bi Koulsoum mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Miezi miwili nyuma, kuta zikiwa zimesimama na paa bado, Fundi Daoudou alikuja na ushauri wa kidini. Alisema mwari awekwe ndani mapema, nyumba ikue juu yake pamoja na baraka zake. Wanawake wakaona huyo ndiye fundi mwenye adabu. Hasnati akaingizwa, akakaa wiki kadha katikati ya miti iliyoshikilia mbao za zege, kama mbuzi zizini.

Mkaguzi alipokuja kutaka kuona nondo kabla zege halijamwagwa, fundi aliinamisha macho. Akasema yeye hana neno, lakini ndani mna mwari, aulizwe mama aliyemlea. Na mama aliyemlea akafanya kazi yake. Mara ya kwanza alimwuliza mkaguzi kama mama yake anajua kazi anayoifanya mjini. Mara ya pili alimwuliza kama hii serikali mpya imekosa la kufanya tangu Wafaransa waachie viti, hata inanusa vyumba vya wasichana. Mara ya tatu hakuuliza kitu, alimwagia maji ya samaki.

Siku hiyo Fundi Daoudou alimletea tambuu ya kutafuna, akamwambia, dada, nyumba hii ina ulinzi kuliko ya gavana. Wakacheka pamoja hata machozi.

Bi Koulsoum akainuka barabarani, akakung'uta nguo, akaizunguka nyumba, akapanda ngazi.

Fundi alikuwa juu, anawasimamia vibarua wawili wanaofagia paa. Vinu viwili vikubwa vilikwisha pandishwa, na michi imelazwa kando, maana ngoma yenyewe ilikuwa ngoma ya kinu. Wanawake huzunguka, wanatwanga kwa zamu, wanaruka. Anayetwanga kwa nguvu zaidi ndiye anayeipenda harusi zaidi.

Alimpokea kwa meno yote. Alikuwa mtu mzuri wa sura, kofia yake safi, ndevu zimetiwa mafuta. Bi Koulsoum hakumzungusha. Alimwambia anataka kuona nondo.

"Nondo?" Akanyoosha mkono. Katika kila pembe ya paa, na pale katikati, palichomoza vyuma vinne vinne, vimesimama kufika kiunoni, vikingoja ghorofa ya juu ambayo siku moja wangejengewa mabinti wa Hasnati. "Na hivi je, dada? Mihogo?"

Moyo wa Bi Koulsoum ukarudi mahali pake. Alijiona mjinga, tena mjinga aliyepanda ngazi. Akalaani kimoyomoyo wageni wa Nosy Be na midomo yao, akageuka ashuke.

Shiromani aliyojitanda ikanaswa.

Aliivuta. Nguo haikuchanika. Kilichokuja ni chuma, kiling'oka polepole kama jino la mtoto, mpaka kikamlalia mkononi chote. Ndani ya nguzo kilikuwa kimeingia kiasi cha kiganja na nusu, basi. Na kichwa chake, pale kilipoikamata nguo, kilikuwa kimepinda kama ndoana.

Vibarua wakaendelea kufagia kwa bidii ambayo kibarua hana kwa kawaida.

Fundi Daoudou hakukasirika. Aliwatuma wale wawili wakalete maji, akamsogelea Bi Koulsoum karibu, akasema kwa upole kabisa:

"Dada, mimi maisha yangu sijamfungia mlango mtu wa serikali. Mtaa mzima una masikio. Sauti iliyomfukuza ilikuwa ya nani?"

Kisha akaendelea kwa upole uleule:

"Ukisema leo, bwana harusi haji. Athoumani ni kijana mwema, lakini bibi yake, Bi Hadidja, hatamleta mjukuu wake kwenye nyumba iliyooza. Hasnati atatoka chumbani bila mume, na mwari aliyetoka bila mume unajua huitwaje. Na nyumba yenyewe itabomolewa. Nani atakuwa ameibomoa? Mimi?"

Akautazama ule mkono ulioshika chuma.

"Sema ngoma ichezwe uani. Sema umeota ndoto, nyinyi hamkosi ndoto. Harusi ikipita nitakuja nitie nguzo mbili za ziada, kimya kimya. Nyumba haijali watu wanaolala, dada. Inajali wanaoruka."

Sasa hapa nitasema jambo ambalo Bi Koulsoum hakulisema ila kwa mtu mmoja, na nyinyi msiliseme. Aliukagua uso wa yule bwana, akatazama chini uani, masufuria yanatokota, mkufu wa taa umetundikwa, watoto wamevaa nguo mpya. Kisha, Mungu amsamehe, alikirudisha chuma shimoni kwake kwa mkono wake mwenyewe, akakigonga juu kwa kiganja kikae sawa.

Akashuka kumtafuta mdogo wake.

Rabiata alikuwa jikoni, kajaa jasho na furaha. Dada yake akamwambia ngoma ichezwe uani. Rabiata akauliza kwa nini. Bi Koulsoum akataja jua. Rabiata akasema alasiri jua hupungua tangu enzi za Nabii Adamu. Bi Koulsoum akataja ngazi, ni nyembamba, watu wazima wataanguka. Rabiata akaweka mwiko chini.

"Dada, sema ulilonalo."

Lilikuwa tayari mdomoni, lilibaki kutemwa tu. Lakini jikoni mlikuwa na wanawake kumi na watano, na watatu kati yao walikuwa wa upande wa bwana harusi, waliokuja kusaidia kukuna nazi na kusikiliza, hasa kusikiliza. Bi Koulsoum akalimeza, akashusha pumzi.

Rabiata akaitafsiri ile pumzi alivyojua yeye.

"Wewe hukujengewa," akasema, si kwa sauti kubwa, lakini jiko zima likaacha kukuna. "Na hukuzaa wa kumjengea. Leo yangu imesimama, nataka isikike mpaka bandarini, na wewe unataka tucheze chini na kuku. Watacheza juu. Nami nitautwanga mchi wa kwanza."

Kuna maneno ambayo watu wa nyumba moja huyaweka miaka thelathini kabatini wakidhani yameliwa na mende. Hayaliwi.

Bi Koulsoum alitoka kwa mlango wa nyuma. Angeweza kwenda zake kwake, akalala, akasema anaumwa. Alishafika kona ya nyumba. Ndipo akaitwa kwa sauti ndogo nyuma ya pazia la chumba cha mwari.

"Mama mkubwa. Nguzo imenipa unga tena."

Akaingia. Hasnati, mikono imejaa hina, alikuwa ameketi kitandani na kifuu cha nazi magotini. Nyuma ya kitanda ilikuwapo nguzo ya kati, ile iliyobeba paa, na chini yake sakafuni palikuwa na mstari mpya wa mchanga. Kifuu kilikuwa kimejaa hadi ukingoni. Alisema hicho ni cha asubuhi hii tu, tangu vinu vipandishwe. Juzi alimwambia mama yake, akajibiwa kwamba mwari anayelalamikia nyumba atakuja kulalamikia mume.

Bi Koulsoum akatia kidole kifuuni, akakiweka ulimini.

Chumvi. Chumvi tupu, kama aliyelamba ukuta wa bahari.

Alijitanda shiromani, akaenda zake hadi ofisi ya mkaguzi, kwa miguu, jua la adhuhuri, na mwendo wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kuosha maiti.

Mkaguzi Jaozafy alikuwa Msakalava wa makamo, mpole, shati limepigwa pasi, anakula wali na mboga za majani juu ya meza yake. Alipomwona alivuta kwanza makaratasi yake pembeni.

"Mama," akamwambia kwa Kibuki, lugha ya Madagaska, "leo hukuja na ndoo?"

Bi Koulsoum alimwomba radhi. Wanaomjua wataona hapa naongeza chumvi, lakini alimwomba, mara moja, waziwazi. Kisha akamweleza yote: mikeka, Marodoka, chuma chenye ndoana, kifuu. Alipofika kwenye chuma alichokirudisha shimoni, alisita. Akakieleza nacho.

Mkaguzi akaacha kula.

"Ile karatasi niliyokuachia mlangoni mara ya tatu. Uliisoma?"

"Nilifunikia mtungi wa achari."

Hakucheka. Akasema karatasi ile iliandikwa kwamba asipande mtu juu ya paa lile mpaka yeye alione. Akafungua kabati, akatoa nyundo na patasi. Akauliza nguzo ya kati iko wapi. Akaambiwa iko chumba cha mwari, nyuma ya kitanda.

Akasimama na patasi mkononi. Alikulia na Wangazija, alijua.

"Nani ataniingiza humo?"

"Mimi."

"Na baada ya hapo?"

"Kwanza waishi," akasema Bi Koulsoum. "Wakiishi, watapata nafasi ya kunitukana."

Walipofika kichochoroni alasiri ilikuwa imeshaingia. Bi Ansoifa bado yuko juu ya mikeka yake. Barazani viatu vya wageni vimepangana safu kwa safu, na wenye viatu hawapo. Bi Koulsoum akatazama ngazi, akatazama juu. Rabiata alikuwa ameshawapandisha.

Akamwingiza mwanamume wa kigeni kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, mbele ya wapishi wote, akampitisha ukumbini hadi chumba cha mwari. Sahani moja ilianguka jikoni.

Hasnati aligeukia ukuta, amejifunika gubigubi. Jaozafy hakumtazama. Alipiga magoti nyuma ya kitanda, akaiweka patasi kwenye lipu, akagonga mara tatu. Lipu ikadondoka kipande kikubwa kama sinia. Ndani ilionekana mianzi mitatu, imefungwa kwa kamba za mnazi, na mmoja ulikuwa umekwisha pasuka urefu wake. Akatia kidole pembeni mwa mwanzi. Kidole kikaingia hadi pete.

Juu ya vichwa vyao kitu kikaanguka. Ndii.

Mchanga ukashuka kutoka kwenye dari uzi mmoja mwembamba, ukaanguka juu ya mkono wa Hasnati, juu ya hina.

Ndii. Ndii. Na nyimbo zikaanza.

"Wako wangapi?" akauliza Jaozafy.

"Arobaini. Na vinu viwili."

Mkaguzi akasema kwa sauti ya chini, haraka, Kibuki na Kifaransa vikipandana. Wasikimbie. Wakikimbilia ngazi wote kwa pamoja, uzito utahamia upande mmoja, na hapo hakuna fundi wala mkaguzi. Waache kinu. Washuke mmoja mmoja, taratibu, kama hakuna lolote.

Rahisi kusema. Nenda wewe ukawashushe wanawake arobaini kutoka kwenye ngoma taratibu. Ukisema moto, watakimbia. Ukisema msiba, watakimbia zaidi, kila mmoja awe wa kwanza kuupeleka mtaani. Ukisema ukweli, kumi watakimbia na thelathini watabaki kubisha.

Bi Koulsoum alifunga macho. Aliwajua wanawake wale mmoja mmoja, nani kazaliwa mwaka gani, nani kaolewa kabla ya nani, nani hasemeshani na nani tangu mwaka wa kimbunga kwa sababu alipewa kahawa kabla yake. Kuna jambo moja tu ambalo kwalo mwanamke wa Kingazija hatatangulia mbele ya mkubwa wake hata akisukumwa kwa fimbo: kumwamkia mwari, akishafunuliwa uso. Wa kwanza ni mkubwa wa wote, kisha anayemfuatia, kisha anayemfuatia. Lakini mwari hufunuliwa siku ya saba baada ya ndoa. Akifunuliwa kabla, ndoa imekufa.

Akamgeukia mtoto aliyemlea.

"Hasnati. Nataka kukutoa nje, uso wazi. Nikikutoa, Athoumani unaweza kumkosa."

Kutoka ndani ya nguo ikaja sauti kavu.

"Mliponiingiza humu hamkuniuliza, mama mkubwa. Mbona leo unaniuliza?"

Na akaivua shiromani mwenyewe.

Wakatoka hadi chini ya ngazi. Bi Koulsoum akainua viganja viwili mbinguni, akaita kwa sauti ileile iliyomfukuza mkaguzi mara tatu, lakini safari hii aliita Fatiha.

Juu ngoma ikakatika. Maana Fatiha ikiitwa huulizi kwanza, unafungua mikono. Mchi ukabaki umeegemea kinu, wanawake arobaini wakasimama walipo, midomo inacheza. Walipopangusa nyuso zao, ndipo walipochungulia chini na kumwona mwari jua linamwakia usoni, na nyuma yake, mlangoni, mwanamume ana nyundo.

Wimbi likaanza kwenda ukingoni. Bi Koulsoum hakulipa nafasi.

"Bi Hadidja," akaita. "Wewe ndiwe mkubwa. Shuka umwamkie wa kwanza, na asiyejijua umri wake asikutangulie."

Wimbi likasimama. Mwanamke aliyekwisha weka mguu kwenye ngazi akaurudisha, akapisha, akapisha na mwenzake. Bi Hadidja, bibi yake bwana harusi, mwenye miaka themanini na magoti ya mia na ishirini, akaanza kushuka. Kila ngazi alipumzika. Kila alipopumzika alitazama mbele kwa hasira. Jaozafy alikuwa anahesabu kwa midomo, jasho linamtiririka kidevuni.

Bi Ansoifa akainuka barabarani. Hakuna aliyemwita. Alikuja akasimama chini ya ngazi, akampa Bi Hadidja ule mkono wake uliojikunja ashikilie, kisha anayefuata, kisha anayefuata.

Bi Hadidja akasimama mbele ya Hasnati. Alimtazama kwa muda. Alimtazama mkaguzi, akaitazama nyundo.

"Mjukuu wangu," akasema, "haoi kitu kilichokwisha kuonwa na serikali."

Akachukua viatu vyake.

Hasnati hakuinamisha macho. Walishuka wa pili, wa tatu, wa tano. Wengine walimwamkia, wengine walitema mate kando, lakini wote walishuka kwa zamu, na hakuna aliyemtangulia mwenzake, kwa chuki wala kwa haraka. Mtu mmoja aliuliza fundi yuko wapi. Kibarua akajibu amekwenda kuswali Ijumaa. Na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Ishirini. Thelathini. Thelathini na nane. Wa thelathini na tisa alikuwa msichana mdogo, ambaye hakuwa na wa kumngoja, akashuka akilia bila kujua kwa nini.

Akabaki mmoja.

Rabiata alikuwa amesimama katikati ya paa, kando ya kinu, juu kabisa ya nguzo ile ya mianzi.

"Rabi," akaita dada yake kutoka chini, jina la utotoni. "Shuka. Nitakueleza yote. Nitakupigia magoti."

"Umemtoa mwanangu uso wazi mbele ya mwanamume siku ya harusi yake," akasema Rabiata. Hakuwa anapiga kelele, na hilo ndilo lililotisha. "Watu wangu wote umewashusha. Umemaliza, dada? Umefurahi?"

"Mna mianzi humo. Nimeiona kwa macho yangu. Nyumba haina kitu ndani."

"Nyumba yangu ina kila kitu. Asiye na kitu ni wewe."

Bi Koulsoum akakanyaga ngazi ya kwanza. Jaozafy akamshika nguo. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba paa lile linambeba mmoja, kwa rehema za Mungu. Wawili, hawezi kumwahidi.

Aliiacha shiromani mkononi mwa mkaguzi, akapanda kichwa wazi. Alikuwa amefika ngazi ya saba, macho yake yamelingana na ukingo wa paa, alipouona ufa, mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye kinu na unatembea kuja kwake.

Na Rabiata, ambaye hakuwa anatazama chini, akauinua mchi kwa mikono miwili.